Picha ya kisasa kwa njia ya Đông Hồ: anza na karatasi, si na nguruwe

Wengi wanaovutiwa na sanaa ya jadi ya Vietnam huanza kwa kunakili nguruwe. Wanamchukua yule mama nguruwe wa Đông Hồ mwenye watoto watano na alama za âm dương (yin na yang) ubavuni, wanamchora kwa akriliki juu ya turubai, wanajaza nyekundu na kijani, kisha wanashangaa kazi imetoka kama kibandiko cha dukani. Mkono wa mchoraji hauna kosa. Kosa liko chini ya rangi. Sura ya picha za Đông Hồ inatokana na mambo matatu ambayo kwenye skrini ya simu hayaonekani: karatasi iliyopakwa unga wa magamba ya bahari, rangi zilizoshikishwa kwa gundi ya mchele, na utaratibu wa kuchapa ambamo mstari mweusi huja mwisho kabisa. Ukiyashika hayo matatu, unaweza kuchora pikipiki, jengo la ghorofa ishirini au foleni ya benki, na bado kazi ikasimama kwenye ukoo wake.

Đông Hồ ni kijiji cha mkoa wa Bắc Ninh, kando ya mto Đuống, mashariki mwa Hanoi. Picha zake zilichapwa kwa mbao za kuchonga kwa ajili ya Tết, mwaka mpya wa kalenda ya mwezi, zikabandikwa ukutani na kubadilishwa mwaka uliofuata. Ndani ya Hanoi kwenyewe kulikuwa na mafundi wa mtaa wa Hàng Trống, ambao walichapa mistari tu na kupaka rangi kwa brashi. Mwongozo huu unafuata Đông Hồ kwa sehemu kubwa, kisha unaazima mbinu moja ya Hàng Trống karibu na mwisho. Vipimo ni vya picha ya sentimita 30 kwa 40, kwenye karatasi ya 36 kwa 46, nakala nane hadi kumi.

KARATASI

Karatasi ya dó hutengenezwa kwa gome la ndani la mti wa dó, unaoota kaskazini mwa Vietnam. Gome huloweshwa, huchemshwa na chokaa, hutwangwa mpaka nyuzi ziachane, kisha huchotwa majini kwa fremu ya wavu na kukaushwa. Nyuzi hubaki ndefu. Ndiyo maana karatasi nyembamba kiasi cha kupitisha mwanga inavumilia kuloweshwa, kukandamizwa na kusuguliwa mara nne au tano bila kuchanika.

Ukipata dó halisi, chagua ile nene kidogo. Ile nyepesi kabisa ya kuandikia hati inajikunja mno ikipakwa. Ukiikosa, karatasi ya Kijapani ya kozo au ya Kikorea ya hanji yenye uzito wa gramu 45 hadi 70 kwa mita ya mraba inafanya kazi vizuri. Karatasi nene ya rangi za maji, gramu 200 na zaidi, ni imara lakini ni ngumu, haitashikamana na mbao unapoinua, na njia ya kuchapa iliyoelezwa hapa itakushinda. Karatasi ya fotokopi usiiguse. Inavimba kwenye koti la kwanza na hairudi tena.

Kata pande mbili zinazokutana ziwe na pembe mraba kamili, kwa sababu hizo ndizo zitakazoongoza rangi zote. Pitisha kidole pande zote za karatasi: upande laini unapakwa, upande wa mkwaruzo unawekwa alama ya penseli kwenye kona.

UNGA WA MAGAMBA

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Điệp ni gamba bapa, jembamba, linalopitisha mwanga. Wanakijiji huyaponda magamba yaliyozeeka hadi yawe unga, wakauchanganya na gundi ya mchele wa kunata na kuupaka kwa brashi pana ya majani ya msonobari. Brashi hiyo inaacha mistari myembamba sambamba, na vipande vidogo vya gamba vinalala bapa na kurudisha mwanga. Ukiinamisha karatasi dirishani, uso mzima unameta kwa mbali. Ukiirudisha wima, mng'ao unapotea na unabaki weupe wenye joto. Mwanga huu hauwezi kuchorwa. Lazima uwepo kabla ya picha.

Ukisaga mwenyewe, tumia magamba membamba yenye lulumizi, ule mng'ao wa lulu, upande wa ndani, ukwangue ngozi ya nje, uyachemshe na kuyakausha. Yavunje ndani ya mfuko wa nguo nzito, kisha yasage yakiwa na maji kwenye kinu. Usisage makavu, na unapochekecha unga uliokauka vaa barakoa, maana vumbi lake linadhuru mapafu. Chekecha kwa soksi ya nailoni. Unga laini kupita kiasi unatoa weupe usio na mng'ao, na ule wa chenga kubwa unabanduka na kukwaruza mbao. Unaotakiwa ni ule ambao kidole bado kinahisi chembe kwa mbali sana. Asiyeweza kusaga achanganye sehemu tatu za chaki laini na sehemu moja ya unga wa ulanga (mika). Haitakuwa điệp, lakini mwanga utarudi.

Gundi: koroga gramu 30 za unga wa mchele wa kunata kwenye mililita 300 za maji baridi hadi mabonge yaishe, ndipo uweke kwenye moto mdogo. Usiache kukoroga. Baada ya dakika 10 hadi 15 mchanganyiko mweupe unageuka kuwa wa kioo kioo na kijiko kinaacha mfereji usiojifunga haraka. Epua, chuja kwa kitambaa, acha ipoe. Unga wa mchele wa kawaida hautoshi. Gundi yake inakuwa ngumu na inapasuka karatasi ikikunjwa.

Kwenye hali ya joto gundi inachacha ndani ya siku moja. Matone mawili ya mafuta ya karafuu kwa mililita 300 yanaongeza siku kadhaa, hasa ikikaa kwenye friji. Ikianza kutoa maji juu na harufu kali, mwaga. Gundi iliyochacha inashika vizuri siku ya kwanza na kubanduka mwezi unaofuata.

Loweka gramu 80 za unga wa magamba kwenye mililita 200 za maji kwa saa chache, kisha changanya na gundi yote. Koroga kila unapochovya brashi, kwa kuwa unga unazama chini haraka, na asiyekoroga anapaka gundi tupu kwenye karatasi za kwanza na mchanga kwenye za mwisho.

Brashi ya msonobari ni rahisi kutengeneza. Kusanya majani marefu, yaloweke kwenye maji ya moto yalainike, yapange bapa kwa upana wa sentimita 10, yafunge kwa uzi katikati ya vijiti viwili, na ukate ncha ziwe sawa. Brashi laini ya dukani haiachi mistari, na bila mistari umepaka ukuta.

Laza karatasi kwenye ubao safi. Pitisha brashi kutoka ukingo hadi ukingo, kuelekea upande mmoja, bila kurudi nyuma. Ukirudi, unavuruga vipande vilivyokwisha kulala. Kausha kivulini penye hewa. Jua linakunja karatasi na kufanya koti lipasuke. Likikauka kabisa, paka la pili kwa mwelekeo ule ule. Karatasi ikijikunja, nyunyizia upande wa nyuma unyevu kidogo na uiweke chini ya ubao mzito usiku mzima.

Jaribu kabla ya kuendelea. Sugua uso kwa kipande cha kaniki: vumbi jeupe likibaki kwenye kitambaa, gundi ni chache. Kunja kona: ikitoa mlio na kupasuka, gundi imezidi. Karatasi iliyofeli jaribio la kwanza inaokolewa kwa koti moja la gundi nyepesi, kijiko kimoja cha gundi kwa vijiko vitano vya maji. Iliyofeli jaribio la pili haiokoleki. Itumie kwa majaribio ya rangi.

Wakitaka ardhi, yaani uso wa chini ya picha, yenye rangi, mafundi wa Đông Hồ hupata ya manjano kwa maua ya hòe na ya machungwa kwa mti wa vang. Kwa picha ya kisasa ardhi ya machungwa inatoa nguvu kubwa, lakini inapunguza rangi unazoweza kutumia juu yake hadi tatu, pamoja na nyeusi.

RANGI

Rangi za Đông Hồ ni chache na zinajulikana zinakotoka: nyeusi ni mkaa wa majani ya mianzi uliolowekwa muda mrefu, nyekundu ni jiwe la son lililosagwa, manjano ni maua ya hòe au tunda la dành dành, buluu ni nili, nyeupe ni điệp yenyewe. Kijani cha kutu ya shaba kilitumika pia, lakini kina sumu. Pata kijani chako kwa kuchanganya nili na manjano.

Nyekundu inapatikana popote penye udongo mwekundu. Chukua kilo moja ya udongo, ikoroge kwenye lita tano za maji, subiri dakika moja ili mchanga uzame, kisha mimina maji yenye rangi kwenye ndoo nyingine na uache chini kilichozama. Rudia mara mbili. Acha ndoo itulie usiku kucha, mwaga maji safi ya juu, na kausha tope laini lililobaki. Hiyo ndiyo rangi. Hata ikilowa na kukaa juani miaka mingi, haibadiliki.

Manjano ya jikoni yatakujaribu kwa sababu yanang'aa na ni rahisi. Yaache. Yanafifia kwa mwanga ndani ya muda mfupi sana na kuacha doa la kahawia hafifu. Udongo wa manjano uliooshwa kama ule mwekundu ni mtulivu zaidi, ila unadumu.

Mkaa wa mianzi unahitaji kusagwa na maji muda mrefu, si chini ya nusu saa kwenye jiwe, na ukiweza uuache ndani ya maji majuma kadhaa huku ukibadilisha maji. Mkaa uliosagwa haraka unachapa rangi ya kijivu yenye vitone. Masizi ya taa yanatoa nyeusi kali zaidi lakini yanachukia maji. Yalainishe kwanza kwa matone ya pombe kali.

Kwa kuchapa, changanya vijiko viwili vya rangi iliyosagwa na maji na kijiko kimoja cha gundi ya mchele. Uzito wake uwe kama wa mtindi uliokorogwa. Rangi za gwashi (rangi za maji zisizopitisha mwanga) za kwenye tyubu zinafaa pia kwa sehemu mbili kwa moja ya gundi, na zinaokoa siku nyingi za kusaga. Kinachopotea ni ule ukavu wa udongo unaokaa vizuri sana juu ya magamba. Rangi za mafuta, ikiwamo ile ya makopo wanayoitumia wachoraji wa Tingatinga, hazifai hapa. Zinafunika mng'ao wote, na mafuta yake yanapenya kwenye karatasi na kuacha duara la njano kuzunguka kila umbo.

MCHORO

Kabla ya kuchora cha kwako, kaa na picha moja ya zamani uichambue. Chukua "Đám cưới chuột", harusi ya panya. Kuna safu mbili, moja juu ya nyingine, bila ardhi wala upeo wa macho. Safu ya juu panya wanampelekea paka zawadi, ndege na samaki. Safu ya chini bwana harusi yuko juu ya farasi na bibi harusi amebebwa kwenye machela. Paka ni mkubwa kuliko wote, na wala hayupo karibu nasi. Ukubwa wake ni wa uzito wake kwenye habari. Hakuna kivuli hata kimoja. Kila umbo limefungwa na mstari wa unene unaokaribia kuwa sawa, na maandishi yamekaa kwenye nafasi tupu kama sehemu ya picha. Utungo huu unaweza kubeba habari ya leo bila kubadilishwa chochote, kwa sababu ni namna ya kupanga wenye nguvu na wanyonge kwenye ukurasa mmoja.

Hilo ndilo mchoraji Nguyễn Tư Nghiêm (aliyefariki 2016) alilolishika vizuri. Alichora wanyama wa mzunguko wa miaka 12 mara nyingi sana, aghalabu kwa gwashi kwenye karatasi ya dó, na hakuwanakili kutoka kwenye picha za Tết. Alichukua mstari uliofungwa, ubapa, na mapambo ya nakshi za mbao za nyumba za jumuiya za vijijini, akavipa ukali wa mchoraji wa karne ya 20. Kazi yake ya laka "Gióng" ya mwaka 1990 ipo kwenye Jumba la Makumbusho ya Sanaa la Vietnam na imetangazwa kuwa hazina ya taifa. Kizazi kipya kina njia nyingine: Xuân Lam anazichora upya picha za kale kwa kompyuta, kwa rangi na mapambo ya vijana wa mjini. Njia zote mbili ni halali. Iliyo dhaifu ni ile ya tatu, ya kumbandika nguruwe wa zamani juu ya mandhari ya kisasa na kuiita kazi mpya.

Chora kwa ukubwa halisi, kwa kalamu nene, bila kujaza rangi. Mistari iwe na unene wa milimita 1.5 hadi 2. Funga kila umbo. Mstari ulioachwa wazi utakusumbua utakapokata mbao za rangi. Kisha igeuze karatasi uishike mbele ya dirisha: utungo ukiegemea upande mmoja, utauona mara moja. Jiruhusu rangi nne, nyeupe ikiwamo, pamoja na nyeusi. Kila rangi ni mbao moja zaidi ya kuchonga, na vijana wengi hukwama kwenye mbao ya tano.

MBAO

Mbao ya mistari Đông Hồ huchongwa kwenye mti wa thị, mgumu na wenye nyuzi zilizobanana, na mbao za rangi kwenye miti laini inayonyonya maji, kama giổi au mỡ. Sababu ni ya kazi: mstari unahitaji ukingo usiovunjika, rangi inahitaji uso unaobeba maji mengi. Fuata mantiki hiyo. Kwa mistari tafuta mti mgumu usio na mafundo. Kwa rangi, plaiwudi nzuri ya milimita 12 inatosha. Linoleamu haifai sana, maana rangi ya maji inajikusanya matone juu yake. Ukilazimika, isugue kwa msasa namba 400 mpaka mng'ao uishe.

Kata mbao zote ziwe sentimita 34 kwa 44, sawasawa. Tofauti ya milimita moja hapa inakuwa macho mawili yasiyokaa usoni baadaye.

Nakili mchoro kwenye karatasi nyembamba na uibandike kwenye mbao ya mistari, uso wa mchoro ukiangalia chini, kwa gundi ya mchele. Ikikauka, sugua mgongo wa karatasi kwa kidole chenye unyevu mpaka mistari ionekane wazi. Sasa una picha iliyogeuzwa, na ukichapa itarudi ilivyokuwa. Maandishi ndiyo yanayomuumbua anayesahau.

Kata kwa kisu pande mbili za kila mstari, ukiinamisha ubapa wa kisu ili mstari uwe mpana chini kuliko juu. Mstari uliokatwa wima, au mbaya zaidi uliochimbwa kwa chini, unavunjika kwenye nakala ya tatu. Ondoa mbao karibu na mstari kwa kina cha milimita 3, na kwenye nafasi kubwa nenda hadi 5 au 6, kwa sababu karatasi inalegea katikati ya nafasi pana na kugusa chini. Ukivunja mstari, paka gundi ya mbao, rudisha kipande, ufunge kwa uzito usiku mmoja. Kipande kikipotea, usitie nta. Chonga mstari jirani ulingane na pengo.

Mbao za rangi usizichore upya. Chapa mbao ya mistari kwenye karatasi nyembamba mara nne, na ubandike kila moja kwenye mbao ya rangi ukifuata kona ile ile. Acha umbo la rangi liingie chini ya mstari mweusi kwa nusu milimita hadi moja. Likiishia ukingoni kabisa, karatasi ikivuta unyevu kidogo tu utapata ufa mweupe.

Nyuma ya kila mbao pigilia mpini na uchore mshale unaoelekea kwenye kona ya kuongozea. Ukiwa na mbao tano mkononi zilizolowa rangi, mshale huo ndio unaokuokoa.

KUCHAPA

Kijijini hawaweki karatasi juu ya mbao. Mbao ndiyo inayoshuka. Fundi anaikandamiza kwenye bìa, kitanda kilicholoweshwa rangi, anaishusha juu ya karatasi, anaiinua ikiwa imeshikamana na karatasi, anaigeuza na kusugua mgongo wa karatasi kwa dodoki.

Pigilia mezani vipande viwili vya mbao vya kimo cha sentimita 2 vikikutana kwa pembe mraba. Ndani ya kona hiyo weka magazeti kumi hadi kumi na tano kama mto. Karatasi inasukumwa kwenye kona, na mbao inashuka ikigusa kona ile ile. Kitanda cha rangi ni kipande cha blanketi nzito kilichopigiliwa kwenye ubao. Tandaza rangi juu yake kwa brashi mpaka uso ulingane, bila madimbwi.

Kandamiza mbao kwenye kitanda mara mbili au tatu, ukiinua kabisa kila mara. Iangalie kwa ubavu: uso uwe na mng'ao wa unyevu ulio sawa, na pembeni mwa maumbo kusiwe na rangi iliyotiririka. Ishushe, weka uzito wa viganja vyote viwili kwa sekunde tatu nne, inua. Karatasi isipoinuka na mbao, rangi ni nyepesi au imeanza kukauka. Ikiinuka, geuza, sugua kwa dodoki kavu kwa miduara midogo kuanzia katikati kwenda nje. Usisubiri. Ukichelewa zaidi ya nusu dakika, gundi inashika na utakapobandua karatasi koti la magamba litabaki kwenye mbao. Bandua kuanzia kona moja, kwa mwendo mmoja usiosimama.

Anza na rangi yenye eneo kubwa. Chapa nakala zote kwa rangi hiyo, zianike kivulini, na usiguse rangi ya pili mpaka ya kwanza iwe kavu kabisa, nusu saa siku kavu, saa mbili au zaidi siku ya mvua. Karatasi yenye unyevu inakuwa imetanuka, na rangi ya pili haitakaa mahali pake hata mbao zikiwa sahihi. Nyeupe ya magamba inachapwa kabla ya nyeusi. Nyeusi inakuja mwisho, na ndipo madoa ya rangi yaliyokuwa yanaelea yanageuka kuwa jicho, kwato, ukingo wa paa.

Rangi ikitoka na vitone vyeupe, kitanda kina rangi chache au koti la magamba lina chenga kubwa. Ukiona duara la maji kuzunguka maumbo, ongeza gundi, si rangi. Mistari ikijaa na kuziba kuanzia nakala ya tano au ya sita, osha mbao kwa maji baridi na brashi ya meno, kausha kwa kitambaa, endelea. Mwachano mdogo wa rangi na mstari, nusu milimita hivi, uache. Upo kwenye picha bora kabisa za Đông Hồ na unaipa mistari pumzi. Ukizidi milimita mbili, tafuta mbao iliyokatwa vibaya.

BRASHI YA HÀNG TRỐNG

Kama picha yako inahitaji rangi inayofifia taratibu, kwa mfano maji, moshi au shavu, iazime kutoka Hàng Trống. Chukua brashi pana laini, chovya nusu ya upana wake kwenye rangi na nusu nyingine kwenye maji, ipitishe mara moja. Rangi inakolea upande mmoja na kuyeyuka upande wa pili kwa mpigo huo huo. Kwenye điệp una mpigo mmoja tu. Ukirudia, maji yanafungua gundi na unga wa magamba unatembea na brashi. Wanaotaka kupaka mara kadhaa waache eneo hilo bila magamba tangu mwanzo, kwa kulifunika na karatasi iliyokatwa wakati wa kupaka koti. Karatasi tupu ya dó katikati ya uso unaometa ni kitu kizuri sana kwenye kazi ya kisasa, na hakitumiki vya kutosha.

KUHIFADHI NA KUUZA

Gundi ya mchele ni chakula, na mende wanalijua hilo. Usihifadhi picha kwenye kabati la jikoni wala kwenye boksi la kadibodi lililowahi kubeba vyakula. Kwenye fremu, weka vijiti vya milimita 5 kati ya picha na kioo; ikigusa kioo, unyevu wa msimu wa mvua utaibandika hapo na kuitoa ni kuibandua koti. Tundika mbali na jua la moja kwa moja, hasa kama umetumia nili au rangi za maua.

Andika chini kwa penseli namba ya nakala, mwaka na jina lako. Usiandike wala kuuza kama "picha ya Đông Hồ". Jina hilo ni la kijiji na la familia chache ambazo bado zinachonga, zinasaga na kuchapa huko. Andika kwamba imechapwa kwa njia ya Đông Hồ, taja karatasi na rangi ulizotumia, na kama chaki na ulanga ndivyo vilivyokupa mng'ao, sema hivyo pia.